Ploti ya bei poa, msingi wa bei ghali
Vijana wengi wanaochanga pesa kwenye chama wanunue ploti Kitengela, Juja au Ruai huuliza bei na hati miliki. Udongo? Hakuna anayeuliza. Sehemu nyingi huko ni udongo mweusi: mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unapasuka. Ukijenga juu yake, kuta nazo zinapasuka. Ndiyo maana fundi huuchimba wote hadi ardhi ngumu, kisha anajaza mawe. Gharama hiyo haimo kwenye tangazo la muuzaji, ni yako. Kwa hivyo kabla ya kulipa, waulize majirani walichimba futi ngapi, chimba shimo ujionee, kisha jumlisha msingi kwenye bei. Pengine ile ploti "ghali" yenye udongo mwekundu ndiyo nafuu.