Mwalimu wa Ngoma ni Nani?

Kwa miaka mingi sasa wasanii wetu, aghlabu wale waliopitia Bagamoyo, wamekuwa wakienda Ulaya kufundisha ngoma. Katika kumbi za shule na za mitaa, hasa katika nchi za Skandinavia, watu wazima hukusanyika jioni baada ya kazi, huvua viatu, na hufundishwa sindimba au bugobogobo na kijana wa Kitanzania. Viongozi hulitaja jambo hili kwa furaha kila kinapofika kipindi cha sherehe, kisha huliacha lijiendee lenyewe. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kuuliza: kinachofundishwa huko ni nini, na kimetoka kwa nani?

Tuichukue Lushoto kwa mfano. Mdumange, ngoma ya Wasambaa, inajulikana nchini kote, na imechezwa na vikundi vya watu ambao hawajapata kuziona milima ya Usambara. Milimani penyewe haikupita njia laini. Wamisheni wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na kama ilivyokuwa ada ya wamisheni wengi wa zama zile, ngoma ilihesabiwa kuwa alama ya ushenzi. Wala masheikh wetu wengi hawakuwa nyuma katika kuikemea. Tunalisema hili sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali. Ikiwa mdumange ingalipo hai, sifa ni ya wazee waliokataa kuiacha.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge mara tu baada ya kuwa Rais, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za Kizungu kuliko ngoma za babu zao, na akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa Taifa na vijana. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha Taifa. Kikundi hicho kilipovunjwa, kazi yake ilishikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa taasisi, TaSUBa, mwaka 2007.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya heshima. Lakini ilikuwa na gharama yake. Ngoma iliyochezwa usiku kucha ikabidi iishe kwa dakika chache, kabla mgeni wa heshima hajachoka. Duara likafunguliwa, likawa mistari miwili inayomtazama mgeni huyo. Sindimba, ambayo kwao Wamakonde inahusiana na mafunzo ya jando na unyago, ikabaki kiuno tu, na watu wakacheka. Basi msanii anayekwenda ng'ambo leo, mara nyingi hachukui ngoma ya kijiji. Huchukua ile ya jukwaani, na huko huifupisha tena ili wanafunzi wake waimudu katika siku mbili za mwisho wa juma.

Wenzetu wa nchi nyingine wameyapitia haya. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Duquesne mjini Pittsburgh, Marekani, kikundi cha kujifunza ngoma za mataifa kilifundishwa ngoma ya kisiwa cha Krete. Hawakuwa na muziki wake, wakatumia wimbo mwingine uitwao Misirlou, wa mwendo wa polepole zaidi, na ngoma ikabadilika kuufuata. Zao hilo la Pittsburgh likaenea katika vikundi vya namna hiyo, na wengi wakalicheza wakiamini kwamba ni ngoma ya kale ya Kigiriki. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Ilikosekana tu santuri iliyofaa.

Tofauti na hayo ni habari ya lewa huko Oman na nchi nyingine za Ghuba. Ngoma hiyo ilivuka bahari pamoja na watu wetu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani, na hakuna wizara iliyowatuma. Hata hivyo zumari imebaki, ngoma ya msondo imebaki, na maneno ya Kiswahili yamo katika nyimbo zake. Ilidumu kwa sababu wenyewe walikuwa na haja nayo katika maisha yao. Msomaji wa Unguja au Pemba, aliye na ndugu Maskati, halihitaji somo hili kutoka kwetu.

Katika chuo cha Koran mtoto akisoma vizuri huulizwa: umesoma kwa nani? Mwalimu wake naye alikuwa na mwalimu, na silsila hiyo hutajwa kwa majina. Huyo anayefundisha mdumange ng'ambo aulizwe vivyo hivyo. Akisema, "Nimejifunza chuoni Bagamoyo," jibu hilo ni la kweli lakini halijatimia, kwa kuwa Bagamoyo nako kulikuwa na mtu aliyeileta.

Sheria haisaidii sana hapa. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazitaja pia sanaa za jadi. Zanzibar inayo ya kwake ya mwaka 2003. Lakini kielelezo cha kimataifa kilichotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 kinasamehe matumizi ya sanaa za jadi kwa ajili ya elimu. Darasa la ngoma lenye kiingilio ni elimu, na ni biashara pia. Mwenye kutoza kiingilio ataliita elimu, bila shaka.

Kwa hiyo jambo lenyewe liko mikononi mwa maofisa utamaduni, wa Bara na wa Visiwani, kabla halijafika kwa wanasheria. Kila kikundi kinachoomba baraka za Serikali ili kikafundishe nje kitakiwe kutaja kijiji kilikojifunza ngoma hiyo na wazee waliokifundisha, na kieleze wazee hao watapata nini. Isiwe karatasi ya kujaza na kusahau: ofisa wa wilaya ampelekee mzee nakala, amsomee. Msewe wa Pemba nao uandikiwe hivyo hivyo.

Tena, fedha ya kwanza inayotokana na safari hizo irudi katika shule za Vuga, Soni na Mlalo, imlipe mzee ajuaye mdumange awafundishe watoto kwa Kisambaa, nyimbo zikiwa kamili na duara likiwa limefungwa. Hivi leo mgeni wa Kizungu aliyekwisha kulipa ada yake aweza kuwa na saa nyingi za mafunzo kuliko mtoto wa Mlalo. Hali hiyo haihitaji mfadhili wala semina. Yatosha mwalimu mkuu mmoja aruhusu ngoma ipigwe siku ya Ijumaa, baada ya vipindi.