Hapa si kliniki

BARAZANI na Bi Mwanaidi

Jumatatu nilirudi kwenye ile ofisi. Watu wa baraza hili mnaijua: ghorofa ya nne, lifti iliyogoma, "njoo kesho mama". Nilikuwa nafuatilia malipo ya kazi ya kutafsiri niliyoikabidhi tangu kabla ya Ramadhani. Malipo yameeleweka, lakini tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri. Niseme mapema nisije nikaonekana nazunguka: ofisi inayompokea binti aliyemaliza chuo cha biashara, ikatumia akili yake kutwa nzima, halafu ikamzuia kumnyonyesha mwanawe, inamdhulumu. Sina neno jingine.

Safari hii mezani nilimkuta msichana mgeni, yuko intanshipu. "Shikamoo mama, karibu ukae." Akaniuliza namba ya ankara. Miezi yote ile sikuwahi kuulizwa namba. Akafungua daftari la wadai, akajumlisha, jumla ikakataa kulingana na ankara zilizomo kwenye faili. Akaandika tofauti pembeni kwa penseli, 360,000, akaigawanya kwa tisa. "Inagawanyika bila baki, mama. Ikiwa hivi, mara nyingi ni tarakimu zimepishana." Kweli. Ankara yangu ya Sh840,000 mtu aliiandika 480,000, haikukubaliana na hati nyingine, ikawekwa kando ikalala. Robo saa haikutimia.

Ndipo nikaona blauzi yake. Maziwa yamepenya upande wa kushoto, doa linapanuka. Akalikumbatia faili langu kifuani, akaenda hadi mlangoni kwa mkuu wa kitengo, akaomba dakika ishirini ashuke chini. Mlango ulikuwa wazi na sote tulisikia. "Hapa si kliniki. Kama bado unalea, ungekaa nyumbani ukalea."

Akarudi akaketi. Akachukua ankara iliyofuata.

Nikashuka mimi. Nyuma ya kibanda cha mlinzi kuna mwarobaini, na chini yake mdogo wake, binti aliyemaliza kidato cha nne, amekalia kiti cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe kasimama tangu asubuhi. Mtoto kafungwa kanga, analia kile kilio kilichokwisha kukauka. Ana miezi mitano. Mdogo mtu akanieleza kwamba wanatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, wote watatu. Dada yake alifanya mtihani wa mwisho mtoto akiwa na wiki tatu. Shemeji yuko machimboni Geita, hutuma anachopata. Ofisi inatoa Sh5,000 kwa siku, ya nauli.

Nikamchukua mtoto, nikapanda naye ngazi zote zile. Akanyonya kwenye chumba cha mafaili, mama yake amekalia boksi la karatasi, mgongo kaugeuzia mlango. Niliangalia saa: dakika kumi na nane. Hakuna simu iliyokosa wa kuipokea, hakuna mteja aliyerudishwa.

Kisha nikaingia kwa yule mkuu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Mama yangu, huyo si mwajiriwa. Yuko intanshipu tu."

Anaijua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Bwana huyu anazijua hizo saa mbili, na anajua pia kwamba binti mwenye barua ya mafunzo hana mkataba wa ajira. Akajificha hapo. Lakini binti huyo anasaini mahudhurio saa moja na nusu asubuhi, anatoka saa kumi na moja jioni, na akichelewa anaandikiwa barua ya onyo. Kwenye kuchelewa ni mfanyakazi. Kwenye kunyonyesha amekuwa mgeni.

Na kama anataka kuzungumzia kliniki, tuzungumze. Huko kliniki mama anafundishwa kumpa mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita ya mwanzo, hata maji asimpe. Binti amefuata. Anaadhibiwa kwa kuwa msikivu.

Najua msomaji wangu, Mzee wa Buguruni, ameshachukua kalamu. Ataandika kama anavyoandika kila wiki: wangesubiri kuzaa. Mzee wangu, mpaka lini? Mpaka amalize shahada, mpaka apate kazi, mpaka akatwe ile asilimia 15 ya mshahara ya Bodi ya Mikopo? Mwezi Novemba 2021 Serikali iliwafungulia mlango wa shule wasichana waliojifungua, na wewe mwenyewe uliniandikia ukapongeza. Tumewarudisha darasani, sasa wanafika na vyeti vyao ofisini wanaulizwa nani analea.

Mwaka jana palikuwa na kijana kwenye meza ileile. Mkewe alijifungua, ofisi nzima ikamchangia, akapewa siku zake, akarudi na pipi. Hakuna aliyemwuliza mtoto amebaki na nani. Nendeni Kariakoo mkawaone akina mama wanaouza vitenge kwa jumla, mtoto mgongoni, simu sikioni, hesabu ya marobota kichwani. Hakuna mteja anayewaambia kwamba soko si kliniki. Kinachowasumbua mabosi wetu ni uvivu. Kupanga zamu kwa ajili ya mama mmoja kunahitaji dakika tano za kufikiri, na kufukuza kunahitaji sentensi moja.

Fedha yangu iliingia Alhamisi, Sh840,000 kamili. Nilipiga simu kushukuru, akapokea yeye, nikamwuliza mtoto. "Anaendelea vizuri, mama. Tumekubaliana na mlinzi, saa ya chakula nashuka." Saa ya chakula, mara moja kwa siku nzima, naye mwenyewe asile.

Mkuu wa kitengo, najua gazeti hili mnalipokea, nililiona mezani kwako. Barua za kuwapokea wahitimu huandikwa na ofisi yako. Ongeza mstari mmoja: mama anayenyonyesha atapewa saa mbili kwa siku. Kisha weka kiti kwenye chumba cha mafaili, umrudishie mlinzi cha kwake. Jumatatu nitakuja, nitapanda kwa ngazi.