Nyumba ina bei yake, na moto wa kupikia una bei yake

Mji wetu wa Lubumbashi unapenda parseli. Mtu akipata kazi kwenye mgodi, ama biashara yake ikianza kusimama, wazo la kwanza ni kuacha nyumba ya kupanga. Anaanza kuhesabu: bei ya kiwanja, pesa ya komisioneri, karatasi za ofisi ya ardhi, matofali, simenti, manjanja, milango na madirisha. Mume na mke wanakaa usiku na kalamu, wanaongeza, wanapunguza. Lakini katika hesabu hiyo jikoni haimo. Jikoni inangojea mwisho, inunuliwe na pesa itakayobaki. Na sisi wote tunajua kwamba kwa mtu anayejenga, pesa haibaki.

Maoni yangu ni haya: usiandike sahihi ya kununua nyumba kabla hujajua utapika na moto gani, na kwa pesa ngapi kila mwezi. Vyombo vya kupikia vinanunuliwa mara moja. Moto unanunuliwa kila siku. Bei ya duka inatutisha sababu tunalipa kwa mara moja. Bei ya moto inatumaliza polepole, na ndiyo inayokula pesa ya minervali ya watoto.

Tuanze na umeme, sababu ndiyo neno la kwanza la muuzaji: "Hapa SNEL iko." Angalia vizuri maana ya neno hilo. Nguzo iko, waya iko, lakini kupika kunahitaji zaidi ya waya. Mabwawa yetu ya Katanga yalijengwa kwanza kwa ajili ya shaba: Mwadingusha kwenye mto Lufira ilianza kazi mwaka 1930, kisha katika miaka ya 1950 zikaja Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 laini ndefu ya kilomita karibu 1,700 ililetwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, na yenyewe ni kwa ajili ya migodi. Tangu wakati huo mji umekua, migodi imeongezeka, na nyumba nyingi zinangojea zamu yao. Delestaji hatuisikii kwa redio tu, tunaishi nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, rudi kwenye ile avenyu jioni, jua likishazama, wakati kila nyumba inapika. Usiende na komisioneri. Bisha hodi kwa majirani watatu, na uliza wamama, sababu wao ndio wanaojua. Umeme unakuja siku ngapi kwa wiki? Unakuja saa za kupika ama usiku wa manane? Kabine iliharibika mara ya mwisho lini, na nani alichanga pesa ya kuitengeneza? Resho inachemsha maji ama inayapasha tu?

Swali hilo la mwisho lina hesabu yake. Resho imetengenezwa kwa volti 220. Nyumba zikiwa nyingi kwenye kabine ndogo, ama watu wakijiunganisha kwa kuiba, volti zinashuka. Zikifika 150, resho haipotezi theluthi moja ya joto kama mtu anavyoweza kufikiri. Inapoteza zaidi ya nusu. Ndiyo maana mama anakaa mbele ya sufuria ya maharagi toka mchana mpaka usiku, na watu wanasema resho ni mbaya. Resho si mbaya. Ni umeme unaofika umechoka. Fundi mwenye kipimo cha volti atakuambia ukweli kwa dakika moja, na pesa utakayompa ni ndogo kuliko bei ya jiko utakalonunua bure.

Jambo la pili ni waya za ndani. Resho ya sahani mbili inaweza kufika wati 2,000. Hiyo ni ampea 9 hivi. Inahitaji prizi nzuri na waya wa milimita 2.5, si ule mwembamba wa ampuli. Lile jiko kubwa lenye sahani nne na tanuru chini, ambalo kila mtu analipenda akiliona dukani, linaweza kuvuta wati 6,000 na zaidi likiwashwa lote: ampea 27. Hilo linataka waya wake peke yake, wa milimita 6, na disjonkta yake. Ukilichomeka kwenye prizi moja na friji na televisheni, umenunua moto wa kuunguza nyumba. Basi bei ya jiko kubwa si ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya duka. Ongeza waya, ongeza disjonkta, ongeza fundi.

Sasa makala. Hata wale wenye umeme, makala wanayo. Yanatoka kwenye pori la miombo linalozunguka mji, na kila mwaka pori linasogea mbali. Wakati wa mvua barabara zinaharibika, malori na baiskeli zinachelewa, na bei inapanda. Mwenye kununua kwa vipimo vidogo vya kila siku analipa zaidi kuliko mwenye kununua mfuko mzima, na mara nyingi ndiye mwenye pesa kidogo. Kwa hiyo, kama unaingia nyumba mpya mwezi wa kumi, weka pesa ya mifuko miwili au mitatu mbele, na mahali pakavu pa kuiweka.

Na mbabula yenyewe, tusiidharau. Mbabula ya bati tupu inapasha ukuta, inapasha miguu, na sufuria inapata kile kilichobaki. Ile yenye udongo wa kuchomwa ndani inashika joto. Jirani zetu wa Kenya walianza kuieneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikitengenezwa vizuri inaweza kupunguza makala kwa theluthi moja, hata nusu. Tuseme nyumba yenu inamaliza mfuko mmoja kwa wiki mbili. Kwa mwaka ni mifuko 26. Mkipunguza theluthi moja tu, mnabakiza mifuko 8. Chukua bei ya mfuko kwenye soko lako, la Kenya, la Katuba ama la Ruashi, zidisha mara 8, halafu uniambie kama ile mbabula ni ya gali. Ongeza vitu viwili visivyo na bei kubwa: sufuria yenye kifuniko kinachofunga vizuri, na tabia ya kuloweka maharagi usiku kabla ya kupika. Hapo umepata faida bila kununua mashine yoyote.

Gesi ya chupa ni safi na ya haraka, na kwa bukari ya asubuhi mapema hakuna kinachoishinda. Lakini kwetu gesi inatoka nje ya nchi, na bei yake inafuata dola na barabara. Kabla ya kununua chupa, jua ni wapi utaijaza, na nani ataibeba. Chupa tupu ndani ya nyumba ni pambo. Ukiinunua, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira: povu likitokea, gesi inavuja. Gesi ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Usiiweke kwenye chumba kisicho na njia ya hewa.

Ndiyo maana kwa mwaka wa kwanza ninashauri mioto miwili, na jiko kubwa lingojee. Kwanza, mbabula nzuri na makala ya mwezi mmoja. Pili, resho ya sahani moja ama mbili, ikiwa majirani wamekuambia umeme unafika. Maharagi na mifupa vipikwe umeme ukiwa na nguvu. Bukari na sombe ya kupasha zisingoje mtu. Andika kwa miezi sita kile unachotumia kwa makala na kwa umeme. Baada ya hapo daftari lenyewe litakuambia kama jiko kubwa lina faida, ama ni la kuonyesha wageni.

Kwa familia zilizohama makwao sababu ya vita, zilizotoka Mitwaba, Pweto ama upande wa Kivu, na leo zinapanga chumba kimoja ama zinaishi kwa ndugu: nanyi neno hili linawahusu. Mkianza kuweka franka kidogo kwa ajili ya makao yenu, nunueni kwanza kile kinachobebeka. Mbabula nzuri na sufuria nzito vinahama nanyi. Jiko kubwa linabaki nyuma, ama linauzwa kwa hasara siku ya kuhama. Na pale ambapo familia mbili zinapika pamoja na kuchanga mfuko mmoja wa makala, kila moja inalipa kidogo. Si aibu. Ni akili.

Kuna jambo moja ambalo halina bei. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi inauma, na mtu anaingiza mbabula chumbani, anafunga dirisha, analala. Makala yanayowaka yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu anakufa usingizini. Nyumba mpya yenye milango inayofunga vizuri ni hatari zaidi kuliko ile ya zamani yenye matundu. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu mbele ya mbabula, toka nje na watoto mara moja, mwende hospitali. Kwa hiyo unapochora nyumba, chora jikoni yenye dirisha ama baraza ya kupikia. Matofali yake yawe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Najua wengine watasema: "Tumejenga nyumba ya matofali, bado tupike na mbabula kama zamani?" Wababa ndio wanaosema hivyo sana, na wao ndio wasiopika. Ninawaomba kitu kimoja: siku ya kwenda kutazama nyumba, nenda na mama wa nyumba, na umwachie yeye aulize maswali ya jikoni. Kwa wauzaji na makomisioneri, semeni ukweli kuhusu umeme kama mnavyosema ukweli kuhusu mita za kiwanja. Na kwa viongozi wetu: mtaa mpya usigawanywe parseli bila kabine inayoweza kubeba resho za watu wake. Waya wa taa tu hautoshi, sababu watu hawali taa.

Chukueni basi lile karatasi la hesabu. Chini ya manjanja na milango, ongezeni mistari minne: mbabula, resho na waya wake, makala ya mwezi wa kwanza, dirisha la jikoni. Kama pesa haitoshi kwa mistari hiyo, nyumba hiyo bado haijafikia bei yenu. Tafuteni nyingine, ama ngojeni kidogo.