Namba kubwa haihitaji maabara

Indangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Mnyarwanda, ina namba ya tarakimu 16, na ndani yake umo mwaka wa kuzaliwa na jinsia ya mwenyewe. Mkulima wa viazi wa Mudende, wilayani Rubavu, anatembea nayo mfukoni. Simu yake nayo ina namba yake ya utambulisho: akibonyeza *#06# ataona tarakimu 15, na ya mwisho imekokotolewa kutokana na zile 14 za mwanzo, ili mtu akikosea tarakimu moja kosa lijulikane papo hapo. Namba kubwa zimeshafika kijijini. Kilichobaki nyuma ni elimu ya tabia zake. Naamini elimu hiyo ianzie hasa katika shule za vijijini, kwa sababu haidai zaidi ya karatasi na kalamu.

Tuchukue namba yenye urefu sawa na ule wa indangamuntu: 1,000,000,000,000,001. Je, inagawanyika kwa 7 bila baki? Hakuna haja ya kugawanya. Ikate mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha jumlisha na kutoa kwa zamu: 1 − 0 + 0 − 0 + 0 − 1. Jibu ni sifuri, basi namba nzima inagawanyika kwa 1,001, yaani 7 mara 11 mara 13. Sababu yake ni kwamba 1,000 imepungukiwa moja tu kufikia 1,001, ndiyo maana alama hubadilika kila tunapohamia fungu jingine. Mtoto akielewa hapo, hajakariri kanuni. Amejua kwa nini kanuni ni kweli.

Wapo watakaosema kwamba hesabu za namna hii ni za vyuo vikuu na kompyuta. Ni kweli kwamba namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyopatikana Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungeifikia. Lakini mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwa mkono kwamba namba moja ya tarakimu 39 ni tasa, na hadi mwaka 1951 haikupatikana kubwa kuliko hiyo. Kompyuta za leo zilirithi njia aliyoianzisha.

Wengine watasema shule za vijijini zina upungufu mkubwa zaidi wa kushughulikiwa kwanza. Upungufu upo, na ndio unaonipa hoja. Mudende ilipata chuo kikuu cha Waadventista mwaka 1984. Vita na mauaji ya 1994 vikakifunga, na kilipofufuka kilikuwa Kigali. Majengo na vifaa huweza kuondoka. Uwezo wa kuuliza namba swali na kuthibitisha jibu hubaki kichwani mwa mtoto, na mwalimu mwenye ubao na chaki anaweza kuupanda muhula huu huu.