Kazi, Matini na Nakala: Nani Aamue Utendi ni Upi?

Mswahili husema kwamba fulani ametunga kitabu, kwamba kitabu hicho kimetafsiriwa, kwamba kimechapwa upya, na kwamba kitabu kimeraruka jalada. Neno ni moja lakini vinavyotajwa ni vinne. Kinachotungwa ni zao la fikra. Kinachotafsiriwa ni maneno. Kinachochapwa ni toleo. Kinachoraruka ni nakala moja tu iliyo mkononi mwa msomaji.

Utengano huu ndio moyo wa kielelezo kiitwacho FRBR, kilichochapishwa mwaka 1998 na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba. Viwango vyake vinne vyaweza kuitwa kwa Kiswahili kazi, matini, toleo na nakala. Kanuni za RDA za mwaka 2010, zilizorithi mahali pa AACR2 za mwaka 1978, zilijengwa juu ya kielelezo hiki, na mwaka 2017 IFLA ikakiunganisha na vielelezo vingine viwili katika kile kinachojulikana kama LRM. Yamkini mwanafunzi wa fasihi atadhani kwamba haya ni ya wakutubi peke yao. La hasha!

Tuchukue mfano ulio mwepesi. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha, safari hii ikiitwa Juliasi Kaizari. Kwa mujibu wa kielelezo, kazi ni moja, ya Shakespeare, nazo matini za Kiswahili ni mbili. Katalogi ikifuata mantiki hiyo, mtafiti wa tafsiri huziona zote mbili pamoja na kuuliza mtafsiri alibadilisha nini katika miaka hiyo sita. Katalogi isiyofuata humpa kitabu kimoja, naye huondoka akidhani amemaliza. Hapa kielelezo kinastahili sifa bila kigugumizi.

Ugumu unaanzia Lamu, Pate na Siyu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Alice Werner na William Hichens waliutoa kama kitabu mwaka 1934, lakini kabla ya hapo ulikuwa umeishi katika vinywa na katika miswada ya hati za Kiarabu. Kielelezo huuhesabu mswada kuwa toleo lenye nakala moja tu. Sawa, lakini mnakili wa pwani hakuwa mashine. Aliruka ubeti, akaongeza mwingine, akabadilisha neno kufuata lahaja yake. Fauka ya hayo, hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano, na waandishi wengi wa zamani hawakuonyesha nazali iliyo mbele ya konsonanti. Anayehamisha utendi hadi herufi za Kirumi hulazimika kuamua iwapo herufi ile ni b au mb. Huyo anasoma na kufasiri, hanakili tu. Alichokitoa ni matini mpya, hata kama rekodi itamwita mhariri.

Takhmisi nayo inatatiza zaidi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa takhmisi ya wimbo unaohusishwa na Fumo Liyongo. Katika bahari hii mshairi huongeza mishororo mitatu kwa kila miwili ya mtangulizi wake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Je, hiyo ni kazi ya nani? FRBR huihesabu tafsiri kuwa matini ya kazi ile ile, na utohozi kuwa kazi mpya. Takhmisi si hiki wala si kile, kwa maana maneno ya Liyongo yamo ndani yake, mazima, yakisemezana na ya mrithi wake.

Wapo watakaosema kielelezo hiki ni cha kigeni na kitupwe. Hoja hiyo ni ya haraka mno. FRBR yenyewe inakiri kwamba mpaka baina ya kazi na kazi huweza kutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Mlango umeachwa wazi; swali ni nani atakayeupita. LRM imelifanya swali hilo kuwa la dharura, kwani inaruhusu kazi itambulishwe kwa sifa za matini wakilishi. Kwa utendi wenye miswada mingi, mwakilishi awe yupi? Ule wa Kiamu, au ule uliosanifishwa kwa ajili ya shule? Mkutubi asiyejua tofauti hiyo atachagua uliochapwa, kwa sababu ndio alio nao.

Ajuaye tofauti hiyo ni mwanafunzi wa uzamili ambaye amelinganisha miswada ubeti kwa ubeti. Maarifa yake hufungiwa katika tasnifu, nayo rekodi ya utendi hubaki kama ilivyokuwa. Idara za Kiswahili zingeweza kudai ukurasa mmoja zaidi katika kila tasnifu ya uhakiki wa matini: orodha ya majina yote ya utendi na ya mtunzi, miswada iliyosomwa na mahali ilipohifadhiwa, na ipi imetokana na ipi. Ukurasa huo upelekwe kwa mkutubi siku ile ile tasnifu inapowasilishwa.