Tuwafundishe Vijana Ampea Kabla ya Programu

Hapana shaka kwamba vijana wetu wa leo wamepata chombo ambacho sisi walimu na wazazi wao hatukukijua tulipokuwa na umri wao. Kwa shilingi mia chache tu, mwanafunzi hununua rilei, yaani swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme, akaiunganisha na kibao cha elektroniki na kuiandikia programu. Kuanzia hapo, simu ya mkononi huwasha na kuzima vyombo vya nyumbani. Huo ni ubunifu unaostahili pongezi. Hata hivyo, liko jambo ambalo shule zetu zimelinyamazia, na kimya hicho kinaweza kuteketeza nyumba.

Hapa Tudor, kama ilivyo katika mitaa mingine ya kisiwa cha Mombasa, si ajabu maji ya mfereji kuja kwa zamu, tena usiku wa manane. Anayeyataka hana budi kuamka, kuwasha pampu na kuyapandisha kwenye tangi lililo juu ya paa. Mwana wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, aliiona taabu hiyo ya mamake akaunda kifaa cha kuiendesha pampu kwa simu. Juu ya rilei yake paliandikwa ampea 10 kwa volti 250. Pampu nayo ilikuwa ya nguvu za farasi mmoja, ambazo ni kama wati 750. Kijana akagawa 750 kwa volti 240 za umeme wetu, akapata ampea tatu na kitu. Akaona yu salama mara tatu.

Kwa majuma kadhaa kazi ilikwenda vyema, na mama akamwombea mwanawe dua. Kisha usiku mmoja simu ikaamuru pampu izimwe, na kwenye kioo chake pakaandikwa kwamba imezimwa. Kumbe pampu ilikuwa ingali inazunguka. Ilizunguka hadi hodhi la chini likakauka, ikaendelea kuzunguka pasi na maji, hadi mama alipoamshwa na harufu ya kuungua. Asubuhi nilipoitwa, mota ilikuwa imekwisha kuharibika. Kijana aliniuliza swali moja: "Mwalimu, nimekosea wapi katika programu?"

Programu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika hesabu. Wati 750 ni kazi ambayo mota huitoa. Umeme inaoutumia ni mwingi zaidi, na mkondo wa pampu kama ile hufika ampea tano au sita. Isitoshe, mota iliyosimama inapoanza kuzunguka hunyonya mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, hata kama ni kwa muda mfupi. Basi ile rilei ya ampea 10 ilikuwa ikipigwa na ampea zipatazo 30 kila ilipoiwasha pampu. Ndani ya rilei mna vipande viwili vya metali vinavyogusana na kuachana. Mkondo mkubwa ukipita vinapogusana, cheche huruka, metali huyeyuka kidogo, na siku moja vipande hivyo hushikana kana kwamba vimechomelewa. Hapo, hata sumaku ikiachilia, havibanduki. Simu inaijua amri iliyoitoa; haijui kama amri hiyo imetiiwa.

Vyombo vya kupasha joto havina kishindo kama hicho cha kuanzia, lakini vina hatari yao. Birika la wati 2,200 huvuta zaidi ya ampea tisa, na hita ya kuogea ya wati 5,500 huvuta ampea 23. Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Joule alionyesha kwamba joto linalozaliwa katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, kikipitisha ampea 23, huzaa joto la wati 53. Ni kama balbu ya kizamani ya wati 60 iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani. Nasi tunaokaa kando ya hori ya Tudor twajua vema jinsi hewa ya chumvi inavyokula metali. Kiungo kilichokuwa imara mwaka jana huenda leo kimeshika kutu. Wala tusidhani kwamba sakiti breka itatuokoa. Hiyo hukata umeme mkondo unapozidi kipimo chake, na kiungo kinachoungua chaweza kuwa kinapitisha mkondo wa kawaida kabisa.

Dawa yake si ngeni. Viwandani, kwa miaka mingi, rilei ndogo hupewa kazi ya kuamuru tu, na mzigo hubebwa na swichi kubwa iitwayo kontakta. Kontakta huandikwa mkondo inaoweza kuukata: alama ya AC-1 ni ya mizigo kama hita, na AC-3 ni ya mota. Pampu nayo huwekewa kinga ya mota pamoja na swichi ya boya, inayokata umeme maji yakipungua bila kuingojea simu. Wapo watakaosema kwamba kontakta ni ghali kwa mwanafunzi. Ni kweli inamzidi rilei bei, lakini mama wa kijana yule alinunua pampu mpya.

Nakiri kwamba lawama ni yangu pia. Kijana huyo alipokuwa shule ya upili alionyesha rilei yake mbele yetu walimu kwa kuwasha balbu ya wati tisa, nami nilikuwa miongoni mwa waliompigia makofi. Balbu ile haikuvuta hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Hakuna aliyemwuliza ni kitu gani kingine kifaa chake kingeweza kuwasha, na ni kipi kisichoweza. Tulimpa tuzo, akaenda nalo somo nusu.

Ndiposa napendekeza kwamba mradi wowote wa aina hii usipewe alama hadi mwanafunzi aeleze mambo matatu: mzigo huvuta ampea ngapi unapoanza, huvuta ngapi unapoendelea, na litatokea nini rilei ikikataa kuachia. Majaribio ya darasani yafanywe kwa volti 12. Kazi ya kuunganisha na umeme wa nyumba waachiwe mafundi wenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kama itakavyo Sheria ya Kawi ya 2019.

Tudor yafaa kuwa mstari wa mbele katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940, ilianzishwa hapa taasisi ya MIOME ili kuwafunza ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Ilikuwa chuo cha ufundi mnamo 1966, politekniki mnamo 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wanafunzi wake wa uhandisi wa umeme na walimu wa fizikia wa shule jirani wametenganishwa na mwendo wa miguu tu. Kwa nini wasikutane, kontakta ikiwa mezani, wakaifungua na kuitazama?

Tusiwanyang'anye vijana rilei zao. Mwenye kuihurumia taabu ya mamake hastahili kukatazwa, bali kukamilishiwa elimu. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nasi tuliidharau hesabu ya ampea kwa kuwa balbu iliwaka.