Ua Jekundu Katika Mahindi

Masika yakisha kukolea katika bara ya Mombasa, tangu Likoni hata Kisauni, mkulima aangalie vema chini ya mahindi yake. Pengine ataona kimea cha urefu wa shubiri moja hivi, chenye majani membamba ya kukwaruza na maua madogo mekundu. Ni ua la kupendeza. Mtoto akilichuma hakuna wa kumgombeza, na heri angalichuma yote.

Kimea hiki ni cha asili ya Afrika, nacho huishi msimu mmoja tu. Tanzania huitwa kiduha. Wataalamu hukiita Striga. Nyikani hunyonya mizizi ya nyasi, wala hapana apataye hasara. Lakini mahindi, mtama na mpunga nayo ni jamii ya nyasi, na nyika ikifyekwa ikapandwa mahindi mwaka baada ya mwaka, kiduha huwa kimeandaliwa karamu.

Mbegu zake ni kama vumbi. Mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu, nazo hulala ardhini miaka 10 na zaidi. Mvua peke yake haiziamshi. Hungoja dawa itokayo katika mizizi ya mimea, ambayo wataalamu wa Marekani waliitambua mwaka 1966 katika mizizi ya pamba. Mbegu ikiamka hujichomeka katika mzizi wa mahindi, ikanyonya chini kwa chini wiki kadhaa. Mahindi hunyauka hali udongo una maji, na mwenye shamba hulaumu jua, au jicho la jirani. Ua likichomoza, chakula kimekwisha liwa.

Hata hivyo kung'oa kwafaa, kwa ajili ya mahindi ya miaka ijayo, maadamu kufanywe kabla mbegu hazijakomaa. Samadi husaidia, kwa kuwa kiduha hustawi katika udongo uliochoka. Muhogo haudhuriki nacho. Kunde ni bora zaidi: mizizi yake huamsha mbegu nyingi, zikafa kwa kukosa cha kunyonya.

Kazi hii yataka subira. Kiduha kilipoonekana Carolina, Marekani, mwaka 1956, serikali ilizuia mazao na vyombo vya shamba kutoka huko ovyo, na vita vyake vikapita miaka 50.

Mimea iliyokwisha funga mbegu isitupwe mpakani. Ichomwe moto, na jembe likung'utwe udongo kabla jirani hajaliazima.